Baba wa Kicheko cha Punda

Kwa miaka thelathini na mitatu Orla Vandegrift na Junia Pettibone hawakupeana salamu, na kilichowagombanisha kilikuwa mche wa bangi. Haukuwa ugomvi wa soko wala wa mpaka wa shamba. Ulikuwa ugomvi wa uzazi. Kila mmoja alidai kwamba yeye ndiye aliyeizalisha mbegu chotara iliyojulikana katika vilima vyote vya pande zile kwa jina la Kicheko cha Punda. Na katika vilima vile vya kaskazini mwa Kalifornia, watu hutaja nasaba ya mmea kama wafugaji wanavyotaja nasaba ya farasi. Kumwambia mtu kwamba mmea wake si wake ni sawa na kumwambia kwamba mtoto wake kamwokota.

Waliishi ukingo huu na ukingo ule wa kijito cha Thistle, kila mmoja akiuona moshi wa jiko la mwenzake ukipanda asubuhi juu ya miti. Wakikutana posta, Orla aliinamia barua zake kama mtu anayesoma wosia, na Junia alikohoa kikohozi kisicho na mafua hadi mwenzake atoke. Watu wa kijito walikwisha kuzoea. Ukimwalika mmoja kwenye harusi, humwaliki mwingine, au unawaalika wote na kuwakalisha mbali kama paka wawili.

Nao walikuwa zamani chanda na pete. Walifika pamoja mwaka 1976, wasichana wa miaka ishirini na ushei, ndani ya gari kuukuu la kusambazia mikate, na mali yao ilikuwa mbuzi wawili, jiko la kuni na kitabu cha kilimo kilichokosa kurasa za mwisho. Orla alijifunza ukunga kwa sababu hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili na wanawake wa vilimani hawakuacha kuzaa. Junia alijifunza kufuga nyuki. Wote wawili walipanda bangi, kwa siri, kama kila mtu siku zile.

Bangi ya Orla ilikuwa ya milima ya Afuganistani. Alipewa mbegu zake na msafiri mmoja aliyezishonea kwenye pindo la koti. Mmea wake ulikuwa mfupi, mnene, majani mapana kama viganja, utomvu wake unanata vidoleni siku nzima, na ukivuta msokoto mmoja unalala na viatu miguuni. Ya Junia ilikuwa ya milima ya Oaxaca, kule Meksiko: ndefu kupita mlango, majani membamba, inanukia machungwa, lakini inachelewa kukomaa hadi mvua za Novemba ziikute na kuiozesha. Aliyeivuta hakulala kabisa. Aliimba, akasafisha madirisha, akawaandikia barua jamaa aliokosana nao.

Kisha, mwaka 1985, shambani kwa Orla ikaota bangi ambayo haikuwa hii wala ile. Ilikuwa na kimo cha mtu mzima, ilikomaa mapema, na ilinuka chungwa lililomenywa juu ya pilipili. Aliyeionja kwanza alikuwa Emmett, mume wa Orla, fundi wa paa, mtu mpole asiye na maneno. Alivuta mara mbili, kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa kuvuta pumzi ndani kwa sauti na kuitoa nje kwa sauti, hi-haa, hi-haa, mpaka jirani mmoja akaja asubuhi kuuliza wamemnunua punda kwa nani. Jina likapatikana hapo hapo.

Mwaka uliofuata, kwenye dansi ya mavuno, Junia alitokea na kikapu cha maua ya bangi ileile, harufu ileile, na jina lilelile, akisema kaizalisha mwenyewe. Orla alisimama katikati ya ukumbi, muziki ukakatika, akamwita mwizi. Junia alichukua kikapu chake, akamchukua mtoto wake mgongoni, akaondoka. Basi ikawa hivyo, miaka thelathini na mitatu.

*

Mwaka 2019 kilimo kilikuwa halali, chenye leseni na wakaguzi, na Maonyesho ya Mavuno yalikuwa na kamati, fomu na katibu. Katibu alikuwa Lamar Quigg, mzee wa ndevu nyeupe alizozifunga kwa mpira wa kufungia mafungu ya karoti ili zisiingie kwenye supu. Siku moja ya Oktoba alipanda hadi kwa Orla, akamkuta barazani akijipaka marhamu ya nta kwenye vifundo vya vidole.

"Mwaka huu kuna sharti jipya," Lamar alisema. "Kila ua la mashindano lije na karatasi mbili. Moja ya maabara, kueleza kilichomo. Ya pili ya asili: mama nani, baba nani, nani aliyezalisha."

"Niandike mimi."

"Ningekuandika. Shida ni kwamba Junia naye kaniambia nimwandike yeye."

"Basi andika kwamba Junia ni mwongo."

"Hakuna nafasi ya hiyo kwenye fomu, Orla. Nimetafuta." Lamar alikaa kwenye ngazi. "Jina moja haliwezi kuwa na wenyewe wawili. Kamati imesema mpeleke kila mmoja sampuli kwa Pilar, kule maabara. Akishindwa kuamua, mbegu inatolewa mashindanoni. Zote mbili."

Orla alifunika marhamu yake. Emmett alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, baada ya mwaka mzima wa maradhi ya mifupa. Katika mwaka ule, dawa za hospitali zilimfanya awe mtu wa kutazama ukuta, lakini jioni, kwa msokoto mwembamba wa Kicheko cha Punda, maumivu yalirudi nyuma hatua chache, chakula kikapita kooni, na mara mbili au tatu kwa wiki ile sauti yake ya punda ilisikika tena chumbani. Orla hakutaka zawadi. Alitaka jina lile liandikwe mahali, kwa wino, pamoja na ukweli wake.

"Nitapeleka," alisema. "Na akijua Pilar kusoma mashine zake vizuri, kuna mtu ataaibika."

*

Maabara ilikuwa chini bondeni, katika jengo lililokuwa zamani la daktari wa meno. Kile kiti cha kulazia wagonjwa hakikuondolewa, kwa sababu kilikuwa kimejengewa sakafuni kwa saruji. Orla alipofika asubuhi ya Jumatano alimkuta Junia amekikalia, miguu kainyoosha mbele, kofia kifuani, kama anayengoja kung'olewa gego. Pembeni yake alisimama binti yake, Sorrel, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini na mitano aliyemwendesha mama yake huko bila kupenda.

"Pilar," Orla alisema akiwa mlangoni, "uliniambia saa nne."

"Ndiyo, Bi Orla." Pilar Ochoterena alikuwa kijana wa bondeni hapo hapo, aliyekwenda chuo kikuu kusoma kemia na kurudi na miwani minene.

"Na huyu?"

"Huyu pia nilimwambia saa nne."

"Mwambie," Junia alisema, macho kwa Pilar, "akiona nafasi haimtoshi, nje kuna benchi."

"Mwambie nimekuja kwa miguu yangu na sitoki bila karatasi yangu."

"Mwambie hiyo miguu inayumba siku hizi, asije akatuangukia."

"Jamani," Sorrel alisema, "Pilar si posta."

Pilar aliwaomba radhi kwa hila yake, lakini hakuonekana mwenye majuto. Alisema matokeo yao hayawezi kusomwa moja bila jingine. Kisha, labda kwa kutaka kuwatuliza, alitoa vichupa vitatu na kuwaomba wanuse, macho yamefungwa, mmoja baada ya mwingine.

"Ganda la chungwa," Orla alisema kwa cha kwanza.

"Pilipili manga," Junia alisema kwa cha pili.

Cha tatu walikijibu pamoja, na wote wawili wakakasirika kwa kujibu pamoja. "Embe lililoiva kupita kiasi."

"Haya ni mafuta ya harufu," Pilar alisema. "Mmea huyatengeneza kwenye vinywele vya ua, palepale penye utomvu. Kila mbegu ina kipimo chake, kama kila mpishi na viungo vyake. Hivi vitatu ndivyo vinavyotawala Kicheko cha Punda, yako na yako. Yako, Bi Orla, imezidi pilipili kidogo. Yako, Bi Junia, imezidi chungwa."

"Na kinacholewesha?" Sorrel aliuliza.

"Hicho hakina harufu. Na ukilitafuna ua bichi hakikufanyi kitu. Mmea unakihifadhi katika umbo lililolala. Ni moto unaokiamsha, wa kiberiti au wa chungu."

"Ndiyo maana wale mbuzi wetu walikula mche mzima mwaka sabini na nane wakashiba tu," Junia alisema, na papo hapo akakumbuka kwamba hazungumzi na kila aliyekuwamo chumbani, akafunga mdomo.

Orla aliisikia ile *wetu*. Ilimpita mwilini kama upepo wa dirisha lililofunguliwa ghafla. Akajikaza, akamgeukia Pilar.

"Kicheko chenyewe kinatoka wapi? Kwenye chungwa, au kwenye nini?"

Pilar alivua miwani akaifuta. "Hapo bado tunabishana. Kile kilevi ndicho kinachobeba mzigo mkubwa. Wako wanaosema harufu ya chungwa inachangamsha, ya embe inalegeza misuli, na vikikutana na kilevi kila kimoja kinamshika mwenzake mkono. Wengine wanasema ushahidi haujatosha. Sitakudanganya, Bi Orla. Naweza kukuhesabia kila kilichomo, lakini kicheko sijawahi kukiona kwenye mashine."

Orla alimpenda kwa jibu hilo.

"Sasa nasaba," Pilar alisema. "Mimea yenu si mmea mmoja. Bi Junia hakukata tawi la Bi Orla, wala Bi Orla hakukata la Bi Junia. Ni ndugu wa tumbo moja. Mama mmoja, baba mmoja, mbegu mbalimbali."

"Mama nani?" Orla aliuliza.

"Ndani ya jani mna sehemu ndogo zinazolifanya liwe la kijani. Hizo mmea kwa kawaida huzirithi kwa mama tu, hazitoki kwa baba. Nimezipima. Zote mbili zinatoka kwenye ile Afuganistani yako fupi uliyoniletea. Mama ni wako."

Orla aligeuka polepole kumtazama Junia, kwa mara ya kwanza usoni. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu nywele zake zikiwa nyekundu. Lakini Junia hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa. Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili na kuiminya kama kitambaa cha kukamulia jibini.

"Na baba," Pilar aliendelea, sauti imepungua, "ni ile Oaxaca aliyoniletea Bi Junia mwaka jana. Ile anayoendelea kupanda miche miwili kwa kumbukumbu. Hakuna shaka hata kidogo. Dume lilitoka kwake."

Hapo Orla hakuelewa. Mwaka 1984, mwaka uliozaa zile mbegu, kila mkulima alikuwa akiyang'oa madume yote kabla hayajachanua, kwa sababu chavua ya dume moja, lile vumbi la njano, hujaza mbegu kwenye maua ya majike na mavuno hayana maana tena. Na mwaka ule ni shamba la Orla peke yake lililokutwa na mbegu, tena safu ya mbele tu, karibu na lango. Watu walimcheka mwaka mzima. Walisema Orla anajua kutofautisha mvulana na msichana akiwazalisha, lakini kwenye bangi hajui dume na jike. Naye aliapa kwamba hakuacha dume. Junia naye aliapa. Kila mtu aliapa.

"Sorrel," Junia alisema, "toka nje kidogo."

"Mama, nina miaka thelathini na mitano."

"Basi kaa, ila usinikatize." Aliiweka kofia magotini. "Mwaka ule baba yako alikuwa ameshaondoka. Nilikuwa na tumbo mpaka hapa, siwezi kuinama. Niling'oa madume yote, nikabakiza moja. Lilikuwa refu sana, nilichoka, na majike yangu yalikuwa bado hayajachanua. Nikasema nitaling'oa Jumatatu. Jumapili uchungu ukaanza."

Aliyezungumza baada ya hapo alikuwa Orla, na hakuzungumza na Pilar wala na Sorrel. "Lilikuwa wapi?"

Junia aliinua macho. "Njiani kwenda chooni. Mkono wa kushoto."

Orla alikaa kwenye kigoda cha msaidizi wa daktari wa meno. Alizikumbuka siku zile tatu kwa Junia, maji yakichemka, mtoto amekaa vibaya tumboni, na yeye akimbembeleza ageuke, mtoto akikataa. Alikumbuka alfajiri ya siku ya tatu, mtoto ameshalia, mama ameshalala, na yeye akitoka nje amejaa uchovu na furaha. Alikwenda kwa njia ya chooni. Akaegemea mti mwembamba mrefu, akalia. Ule mti ulimmwagia vumbi la njano kichwani na kifuani, naye alijipangusa kwenye sketi bila kuangalia. Akarudi nyumbani. Kabla ya kuoga, kabla hata ya kumwambia Emmett kwamba ni msichana, alipita langoni kuitazama mimea yake ya safu ya mbele, akiisukasuka mmoja mmoja kama kawaida yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu. "Nilikuja nalo kwenye sketi."

Junia aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukuniambia, Junia?"

"Ulikuwa unachekwa. Kila mtu alikuwa anakucheka wewe, na kosa lilikuwa langu. Umetoka kuniokolea mtoto, nami nimekuharibia mavuno. Niliona aibu. Na kila siku niliyonyamaza, aibu ilizaa nyingine. Halafu ukaniita mwizi mbele ya ukumbi mzima, nikashukuru. Kukasirika ni rahisi kuliko kuungama."

"Na mbegu zako ulizipata wapi?"

"Ndani ya chupa, chini kabisa. Ile bangi uliyoniletea baada ya uzazi, kwa ajili ya mgongo. Zilikuwa mbegu tatu."

"Nilizichambua zote."

"Ulizichambua vibaya. Wewe hata maharage ulikuwa ukitupikia na mawe."

Kuhusu maharage ilikuwa kweli, na Orla alijua. Kitu kikaanza kumtekenya chini ya mbavu. Alijaribu kukizuia, kwa heshima ya miaka thelathini na mitatu, kikamshinda. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Junia, ambaye alikuwa tayari analia, akabadilisha njia katikati ya kilio akaanza kucheka naye, kiti cha daktari kikilia chini yake. Pilar aliwaletea maji katika vikombe vya kupimia.

"Kwa hiyo," Sorrel alisema, akijifuta macho, "mimi na hii bangi tumezaliwa siku moja."

"Yenyewe haikunisumbua," Orla alisema. "Wewe ulitanguliza matako."

*

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, ukumbini na kwenye uwanja wake, siku ya jua la vuli na harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Orla alikuwa hajalala vizuri. Kuna jambo moja lilikuwa limebaki, na alijua kwamba neno lililosemwa mbele ya watu halifutwi chumbani. Ilipofika zamu ya kutangaza washindani alimnyang'anya Lamar kipaza sauti.

"Mwaka themanini na sita," alisema, "nilisimama hapa hapa nikamwita Junia Pettibone mwizi. Wengine mlikuwapo. Wengine mlikuwa hamjazaliwa lakini mmesimuliwa. Hakuniibia kitu. Mbegu nilimpelekea mwenyewe kwa mkono wangu, na baba wa mbegu alitoka kwake. Mwizi nilikuwa mimi, nimemnyima jina lake miaka yote hii. Junia, nisamehe."

Watu waligeuka kumtafuta Junia. Alikuwa nyuma, karibu na meza ya pai, mdomo umejaa. Alimeza kwanza.

"Nimekusamehe tangu Jumatano," alisema kwa sauti iliyofika mbele bila kipaza sauti. "Na ninyi wengine, dume lilikuwa langu. Mlimcheka Orla bure. Anayetaka kucheka, anicheke mimi."

Nao wakacheka kweli, ukumbi mzima, kicheko cha watu walioondolewa kazi ya kuwakalisha paka wawili mbali kwa miaka yote ile. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Lamar alirudishiwa kipaza sauti chake, akasoma fomu: mama, Afuganistani ya Vandegrift; baba, Oaxaca ya Pettibone. Penye nafasi ya aliyezalisha wenyewe walikuwa wamebishana nusu saa nani atangulie, kisha Sorrel akaandika majina yote mawili moja juu ya jingine hata hayakusomeka.

Walipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa vijana wawili kutoka bonde la jirani, waliovaa mashati yanayofanana, kwa mbegu waliyoiita Mjomba Tajiri.

"Inanuka sabuni," Junia alisema.

"Jaji ana mafua," Orla alisema. "Nimemwona akipenga kamasi tangu asubuhi."

Alasiri walikwenda kukaa nyuma ya ukumbi, mahali palipotengwa kwa wavutaji, kwenye marobota ya majani makavu. Orla alisokota, kwa shida, kwa sababu ya vidole vyake. Junia aliutazama ule msokoto akasema unafanana na soksi yenye jiwe, akaufungua na kuusokota upya. Walipokezana.

Ilikuja kama inavyokuja siku zote. Kwanza wepesi nyuma ya macho, kisha kila kitu kikawa na uchekeshaji wake wa siri: ndevu za Lamar, mbwa aliyebeba kiatu, neno *kamati*. Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha ikaja njaa, wakala pai nzima ya matunda ya mwituni kwa uma mmoja. Mwishowe ukaja ule utulivu usio na usingizi, mwili umelegea, akili bado iko macho, na vidole vya Orla vikafunguka vyenyewe juu ya paja lake.

"Mwaka wake wa mwisho," Junia alisema, "nilikuwa nikimsikia."

"Nani?"

"Emmett. Jioni, upepo ukija upande wangu. Nilikuwa nafungua dirisha, hata kukiwa na baridi. Siku nisipomsikia nilikuwa silali. Nilitaka kuja. Nilifika mara mbili mpaka kwenye geti lako, Orla, nikarudi."

Orla alimgeukia. Alikuwa hajui kwamba kuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akikihesabu kile kicheko. Alimshika Junia mkono, nao ulikuwa mkono mgumu wenye makovu ya nyuki.

"Ungeingia," alisema.

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza. Lakini angeniambia nikuite."

*

Jumatatu iliyofuata, Orla alikuwa hata hajanywa kahawa aliposikia gari likipanda kilima. Junia alishuka na mkasi wake wa kupunguzia majani umefungwa kwenye kitambaa, mtungi wa asali, na mto wa kukalia. Hakuwa amealikwa. Alipita moja kwa moja hadi kwenye banda la kukaushia, ambako matawi ya Kicheko cha Punda yalining'inia vichwa chini kwa safu. Akanusa, akavunja kijitawi kimoja kusikia kama kimekauka, akaketi mezani.

Orla alimfuata na vikombe viwili. Walikaa wakitazamana, majani membamba yakidondoka kati yao, utomvu ukiwanata vidoleni, banda zima likinuka chungwa na pilipili.

"Hebu angalia hilo," Junia alisema baada ya dakika tano. "Unakata kama unanyoa kondoo."

"Kondoo wangu walikuwa hawalalamiki."

"Walikuwa hawajui kusema. Acha majani kidogo karibu na ua, mwanamke, unatupa utamu wote."

"Miaka arobaini nakata hivi."

"Ndiyo maana umekuwa wa pili."

"Tumekuwa wa pili," Orla alisema, akamsogezea taa.

Waliendelea hivyo hadi alasiri, wakibishana juu ya mkasi, juu ya mbuzi yupi alikuwa wa nani, na juu ya jina la yule msafiri wa koti, ambalo hakuna hata mmoja aliyelikumbuka lakini kila mmoja alikuwa na hakika nalo. Lamar, aliyekuwa anapita barabarani na gari lake, aliwasikia, akazima injini, akasikiliza kidogo, kisha akaenda zake.